Aliyembatiza Mzee Anselme

Mbala, Zambia
4 Machi 2024

Shangazi Léocadie,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na Bibi kutoka huku juu, ambako asubuhi tunavaa masweta mawili na bado tunatetemeka. Mimi ni mzima, chakula ni ugali mweupe kila siku, na Kiingereza changu sasa kinatembea bila fimbo. Bibi anaendeleaje na macho? Mwambie namwombea.

Usihangaike kunipigia. Simu zetu zinakusanywa mlangoni na kurudishwa wakati wa likizo. Barua hii itashuka hadi Mpulungu kwa gari la shule, na pale bandarini atapewa Hamissi wa Buyenzi, fundi wa mashine kwenye meli ya saruji. Anasema yeye ni Mwislamu, lakini barua hazina dini.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu wa mwisho hapa shule ya Biblia tunasoma historia ya kanisa. Ukutani kuna mchoro mrefu unaoanza Yerusalemu na kuishia leo. Tunafundishwa kwamba sisi Wabaptisti hatukutoka Roma wala kwa Waprotestanti. Tangu wakati wa Yohana Mbatizaji, makanisa yanayobatiza waumini kwa kuzamisha hayajakatika hata karne moja, ila yalijificha chini ya majina mengine. Kila mwanafunzi anatakiwa kueleza mnyororo wake: nani alimbatiza, na huyo alibatizwa na nani, kwa idhini ya kanisa gani.

Mimi nilibatizwa ziwani na Mzee Anselme mwaka 2012, hilo unalijua, ulikuwepo. Lakini yeye mwenyewe, mchungaji wetu, alibatizwa na nani? Wewe umefanya kazi ya redio miaka mingi na unajua kuuliza. Niulizie, kisha uniandikie na utie sahihi. Ni jambo dogo.

Mtoto wa kaka yako,
Espoir


Gihosha, Bujumbura
2 Aprili 2024

Espoir mwanangu,

Salamu zako zimefika, zikinuka dizeli. Hamissi alizileta suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, kwa sababu ziwa limepanda na barabara ya bandarini sasa ni sehemu ya ziwa. Gihosha tuko juu, maji hayatufikii. Petroli ndiyo hatuna, kwa hiyo nashuka mjini kwa miguu na kupanda kwa miguu. Bibi yako amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Anaona vizuri sasa, na amegundua kwamba nyumba ni chafu. Bado anabishana na redio kama zamani.

Umesema ni jambo dogo. Mtu akiniambia hivyo, mimi huuliza mara mbili. Nani anataka jibu hili, wewe au shule? Na ikionekana mnyororo umekatika mahali, itakuwaje? Nijibu hayo mawili kwanza.

Nilikwenda kanisani kwenu Jabe. Nilimkuta Mzee Anselme nyuma ya kanisa akipaka benchi rangi.

"Mzee, ulibatizwa na nani?"

"Na kanisa."

"Kanisa lina mikono?"

"We Léocadie, redio umeiacha, lakini micro ya kuhojia watu bado unatembea nayo kichwani." Kisha akanieleza bei ya rangi, na paa linalovuja, na mkwe wake. Nimewahoji mawaziri wengi. Najua mtu anayekwepa anavyozungumza juu ya paa.

Kuhusu mchoro wenu, nilimwuliza padri mmoja anayefundisha historia, na mchungaji mmoja mstaafu wa Kibaptisti. Hawa wawili hawapendani, na wamenipa jibu moja. Majina yaliyo kwenye michoro ya aina hiyo ni ya watu walioishi kweli, lakini hawakuwa watu wamoja. Wadonatisti walikuwa na maaskofu. Wakathari walikataa ubatizo wa maji kabisa, wakisema maji ni kitu cha dunia. Sasa niambie, Espoir: watu waliokataa maji ndio mnaowataka wawe babu zenu wa ubatizo? Tena Wabaptisti wa kwanza wanaojulikana kwa jina hilo walianza na Waingereza waliokimbilia Amsterdam. Mwaka 1609 kiongozi wao alitafuta mtu wa kumbatiza, akaona hakuna wa kumwamini, akajimwagia maji mwenyewe.

Kwamba mafundisho yenu yanafanana na ya Wakristo wa kwanza, hilo mnaweza kulitetea, Matendo ya Mitume mnayo. Kwamba hayajakatika, hiyo ni habari nyingine, na habari inataka mashahidi.

Shangazi yako,
Léocadie


Mbala
6 Mei 2024

Shangazi,

Bwana asifiwe. Barua yako ilichelewa Mpulungu kwa sababu huko pia maji yameingia bandarini. Nashukuru kwa habari ya jicho la Bibi. Hapa mwenzetu mmoja kutoka Kigoma alilazwa na malaria, amepona. Nimechaguliwa kuongoza kwaya, ingawa unajua sauti yangu.

Shangazi, sikukuomba unichunguzie karne kumi na sita. Nilikuomba jina la mtu mmoja anayejulikana Jabe. Badala yake umeniletea Wakathari. Nilimwonyesha mwalimu. Alisema tunayoyajua juu ya Wakathari yameandikwa na adui zao, na adui hasemi ukweli. Wewe ungekubali habari za mtu kutoka kwa waliomchoma moto?

Ngoja nikueleze mara moja, ili tusirudie. Baba alizaliwa Uvira, na nyumba ile haipo. Alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi, na kaburi hatulijui, miti imeota. Shule niliyosomea imebadilika jina. Nina vyeti vya nchi tatu na kila kimoja kimeandika jina langu kivyake. Siku ya kwanza nilipoona ule mchoro ukutani, mstari mmoja kutoka Yerusalemu hadi kwenye mlango wa darasa, nilikaa chini. Nikasema, kumbe kuna kitu kimoja ambacho vita havikukikata, na mimi niko ndani yake. Wewe unaita hiyo habari isiyo na mashahidi. Sawa. Lakini usicheke.

Mwulize tena Mzee Anselme. Au mwulize yeyote aliyekuwa kambini. Ni jina tu.

Espoir


Gihosha
10 Juni 2024

Espoir mwanangu,

Sikucheka. Barua yako niliisoma mara ya pili kwa sauti, na Bibi yako akazima redio, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya matokeo ya uchaguzi. Kaburi la baba yako nami nalitafuta kichwani mwangu kila mwaka. Lakini huzuni haithibitishi kitu. Nimewaona watu wengi wenye huzuni ya kweli wakisema mambo yasiyokuwa kweli.

Halafu nilikuuliza maswali mawili, hukujibu hata moja. Umeandika ukurasa mzima na umepita pembeni yao kama mtu anayempita jirani anayemdai.

Kazi yako nimeifanya. Nilirudi kwa Mzee Anselme, nikamwambia nitakaa pale kwenye benchi hadi rangi ikauke. Mwishoni akasema.

Mwaka 1997 mlikuwa kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Mimi nilikuwa hapa Bujumbura na sikuona, kwa hiyo nakuandikia nilivyosikia. Kanisa la Uvira lilitawanyika njiani, na mchungaji alipotea. Hakuna aliyejua kama yu hai. Kambini watu wapya waliamini, na Anselme alikuwa mmoja wao, kijana fundi wa baiskeli. Wakangoja mchungaji. Mvua zikapita, mchungaji hakuja, na kipindupindu kikaja. Watu wakasema: tutakufa hatujabatizwa. Basi wale wachache waliokuwa wamebatizwa zamani wakakaa pamoja, wakaomba, wakamchagua mmoja wao akaingie mtoni na hao wapya. Hakuwa mchungaji, wala shemasi. Huyo ndiye aliyembatiza Anselme.

"Kwa nini hukusema siku zote?" nilimwuliza.

"Mutu ataniheshimu namna gani? Bachungaji bengine beko na mikono ya bazungu juu ya kichwa. Mi niko na ile ya kambi tu."

Shahidi wa pili ni Asiya, anayeuza vitenge soko la Jabe. Ni Mwislamu, hana chama katika jambo hili. Hema lake lilikuwa jirani na lao. "Mi nilikuwa kwa ukingo, nimeshika nguo zao," alisema. "Maji ilikuwa baridi, Anselme akalia kama mbuzi. Nikasema, huyu dini imemuingia kweli ao ni baridi tu?" Nilimwuliza aliyekuwa ndani ya maji ni nani. Akataja jina bila kusita, na ni lile lile alilolitaja Anselme.

Jina sikupi. Mwenyewe yu hai, nimemwuliza, na hajaniruhusu. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote na siwezi kubadilika kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu. Unachoweza kuandika ni hiki: alibatizwa na muumini asiye na cheo, aliyechaguliwa na waumini wenzake, kwa maombi, mtoni, wakati wa kipindupindu. Hapo nitatia sahihi.

Léocadie


Mbala
15 Julai 2024

Shangazi,

Bwana asifiwe. Salamu kwa Bibi. Hapa ni baridi kali, nyasi asubuhi zimekuwa nyeupe. Habari nyingine sina.

Sasa nakujibu maswali yako, kwa kuwa umenifikisha hapo.

Anayetaka jibu ni shule. Mzee Anselme anastaafu mwezi wa kumi, na shule imekubali kunituma Jabe niwe mchungaji. Kwa masharti. Ubatizo usiotolewa na kanisa halali lililomo kwenye mnyororo, wao wanauita kuoga. Kama Mzee Anselme alioga tu, basi na mimi nilioga, na wote aliowabatiza waliogeshwa. Mimi nitabatizwa upya huku, kisha nije niwabatize upya wote wa Jabe. Atakayekataa atakaa kanisani, ataimba, atasikia neno, lakini Meza ya Bwana haimhusu.

Na Bibi pia. Bibi alibatizwa na Wapentekoste akiwa msichana, sote tunajua. Mkuu wa shule anayaita maji ya kigeni. Nilimwambia ana miaka themanini na minne na kifua chake si kizuri. Akasema maji ya ziwa letu yana joto.

Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua utakachosema. Nilidhani jina litatosha na mambo haya hayatafika kwenu.

Baraza linakaa mwisho wa Agosti. Nimeomba nijitetee. Nikiwa na jina, nikaonyesha kwamba mtu huyo alikuwa mzee wa kanisa la Uvira, au alitumwa na mchungaji kabla hajapotea, naweza kusema kanisa lile lilikuwa bado hai ndani yake. Bila jina nitasema nini? Kwamba shangazi yangu analijua lakini anaheshimu kazi aliyokwisha kustaafu?

Nakuomba. Siku zinakwenda.

Espoir


Gihosha
9 Agosti 2024

Espoir mwanangu,

Hamissi yuko mlangoni, anasema wanang'oa nanga kesho. Salamu baadaye.

Ni Bibi yako.

Aliyeingia mtoni mwaka 1997 ni Daphrose, mama yangu, aliyekulea. Jina hilo nililipata mwezi wa sita nikiwa Jabe, nikapanda hadi nyumbani, nikamkuta anachambua maharagwe. Nikamwuliza, akasema ndiyo, kama mtu aliyeulizwa kama amefunga mlango. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. "Hukuniuliza." Nikasema Espoir anauliza. Hapo akakataa. "Usimwambie. Akijua ni mi, atatetea bibi yake, hatatetea kitu anaamini. Acha aamue kwanza."

Hiyo ndiyo sababu nilinyamaza. Heshima ya kazi ni nusu tu.

Barua yako ya Julai nilimsomea yote, hata maneno ya kuoga. Nikajua amekasirika kwa sababu aliendelea kuchambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Kisha akasema:

"Bale wa Uvira tulikuwa sita tu. Wanaume wawili walikuwa wagonjwa. Tukaomba siku tatu. Wakasema, Daphrose, we hauogopi maji. Nikasema mi nilibatizwa na Wapentekoste. Wakasema maji ni maji. Nilimushika Anselme nikamuzamisha, nikasema jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu. Kulikuwa kumebakia nini?"

Nikamweleza mchoro wenu, unaanza kwa Yohana. Akauliza, "Na Yohana alibatizwa na nani?"

Nikasema haijaandikwa.

"Basi," akasema. "Niandikie Espoir jina langu. Akiniaibikia, aibu yake."

Sasa unalo. Hakutumwa na mchungaji, hakuwa mzee wa kanisa. Utetezi uliokuwa unautafuta haupo, na sitautengeneza. Upo mwingine: watu sita, bila mchungaji, bila mzungu, bila jengo, waliona kwamba wao ni kanisa. Kama hilo si sawa na Wakristo wa kwanza, sijui ni lipi. Simama mbele ya baraza useme hivyo.

Léocadie


Mbala
26 Agosti 2024

Shangazi,

Bwana asifiwe. Nilingoja jibu lako hadi siku ya baraza. Nilishuka mwenyewe Mpulungu na gari la shule, nikaulizia. Wakaniambia meli ya Hamissi haijaonekana, imeharibika mashine Kalemie, wanangoja kipuri. Nikarudi mikono mitupu.

Sikulaumu. Lakini siwezi kukuandikia kana kwamba silaumu mtu.

Nilisimama mbele ya baraza nikiwa na maneno yako ya mwezi wa sita: muumini asiye na cheo. Wakauliza ni nani, nikasema sijui. Wakauliza ni mwanaume au mwanamke, nikasema sijui. Mmoja wao akacheka, si kwa ubaya. Mkuu wa shule akasema, ndugu Espoir, unataka kusimama juu ya mtu usiyemjua?

Jana Jumapili nimebatizwa upya, katika birika la saruji nyuma ya jiko. Sasa mnyororo wangu unafika kwa Mkuu wa shule, na kutoka kwake unaendelea, yeye anajua unakofika.

Nitafika Bujumbura mwezi wa kumi. Tafadhali mwandae Bibi. Sema naye polepole. Tutachagua siku ya jua.

Espoir


Mbala
21 Septemba 2024

Shangazi,

Leo Hamissi amepanda mwenyewe hadi hapa shuleni, kwa lori la saruji, kuniletea barua ya tarehe 9 Agosti. Ameomba radhi kana kwamba yeye ndiye mashine. Nilimpa chai.

Nimeisoma. Nimeisoma tena.

Yaliyofanyika yamefanyika, na nimeweka sahihi kwenye masharti. Nakuja kama ilivyopangwa. Usimwambie Bibi kwamba barua ilichelewa, atajilaumu kwa kunyamaza.

Espoir


Gihosha
5 Novemba 2024

Espoir,

Nakuandikia kutoka Gihosha hadi Jabe, safari ambayo mtu anaimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Simu yako umerudishiwa, lakini hupokei. Nyumbani umekuja mara moja, ukakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtoza kodi, ukamwambia Bibi habari za ziwa na joto la maji, yeye akakuambia habari za bei ya sukari, na hakuna aliyetaja mto wa Kigoma. Nilikuwepo. Sijawahi kusikia watu wawili wakinyamaza kwa maneno mengi hivyo.

Basi nitakuandikia Jumapili ilivyokuwa. Mengi unayajua, lakini wewe ulikuwa mbele na mimi nilikuwa benchi la tatu, na mambo huonekana tofauti.

Ulihubiri vizuri. Ulieleza mnyororo, ukataja karne kwa mpangilio, na watu walisikiliza kwa adabu. Kisha ukasema kwamba waliobatizwa na Mzee Anselme hawajabatizwa. Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alitazama mikono yake, juu na chini, kama mtu aliyeambiwa ina doa. Ukasema wanaokubali kubatizwa upya wainue mikono. Mikono miwili iliinuka, ikatazamana, ikashuka. Ukasema hakuna haraka, lakini Meza ya leo ni ya waliomo tu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwuliza mwenzake, "Mi nimeimba kwaya miaka kumi, nilikuwa naimba nikiwa nje?" Mwenzake akamwambia anyamaze, muchungaji anasoma.

Ukaomba. Ukafunua mkate.

Kanisani pale Jabe hakuna anayejimegea mkate. Desturi hiyo walitoka nayo kambini, ambako hakukuwa na mchungaji wa kugawa. Mtu humegewa na aliye pembeni yake, naye humgeukia anayefuata, na yule wa mwisho humegea mchungaji. Anselme alikula hivyo kila mwezi tangu kanisa lilipoanza, na wewe umekula hivyo tangu mwaka 2012. Sasa ulikuwa umesimama na mkate mzima, na kwa hesabu yako mwenyewe hakuna hata mmoja ndani ya nyumba ile, ila wewe, aliyeruhusiwa kuugusa.

Nadhani ulikuwa hujalifikiria. Nilikuona ukilifikiria pale pale.

Hukujimegea. Mkono wako uliusogelea mkate, ukasimama, ukarudi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu liko upande wako.

Ndipo Bibi yako akasema kutoka mahali alipokaa, bila kusimama, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Espoir, sasa we nani atakumegea?"

Ukafunika mkate kwa kitambaa, ukatoa baraka, watu wakatoka. Hakuna aliyekutukana. Nje walisalimiana, wakaulizana habari za petroli. Asiya wa sokoni alikuwa anapita, akauliza mbona leo mmetoka mapema.

Sikuandika haya kukushinda. Nimechoka kukushinda kwenye karatasi, hakuna faida niliyoiona. Nilikwambia mnyororo hauna mashahidi, na bado nasema hivyo. Lakini wewe uliniandikia kwamba unataka kitu kimoja ambacho vita havikukikata. Kilikuwa kimekaa benchi la pili na kilemba cha bluu, na ulikiambia kwamba hakimo.

Nijibu au usinijibu. Bibi anakula vizuri. Kifua kimetulia.

Shangazi yako,
Léocadie


Jabe
27 Novemba 2024

Shangazi,

Bwana asifiwe. Samahani kwa kimya changu. Nakaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, paa linavuja kweli, Mzee Anselme hakudanganya. Alikuja juzi na ndoo mbili, akaniwekea mahali anapopajua, hakusema kitu cha dini.

Shule imeandika. Wanataka kujua ni wangapi wamebatizwa upya. Sijawajibu. Kila nikianza naandika "hakuna", halafu natakiwa kueleza kwa nini, na hapo kalamu inakwama. Sijaacha kuamini kwamba kuna mstari, Shangazi. Usije ukasema nimeacha. Kila karne kulikuwa na watu walioamini hivi, hata kama hawakuandikwa, hata kama walikuwa sita. Lakini sijui tena unapita wapi, na waliosema wanajua hawakuwahi kuishi kambini.

Jumapili ijayo ni ya kwanza ya mwezi. Nitaandaa Meza. Mwambie Bibi aje akae mbele, pembeni ya kiti changu. Sitaki kuahidi kitakachofuata, kwa sababu sijui. Lakini akae pale.

Espoir


Gihosha
28 Novemba 2024

Espoir,

Nimemsomea. Amesema nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisiyanyooshe:

"Apana. Mi niko na fasi yangu tangu zamani. Yeye ndiye akuje akae pembeni yangu."

Léocadie